Mfuniko mpya kwa tanki la zamani: kupima, kuchagua na kufunga

Dodoma tunaishi kwa maji tuliyoyahifadhi. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza kwa kusuasua karibu na Desemba, na Aprili ikiisha nazo zimekwisha. Kwa mwaka mzima ni milimita 550 hadi 600 hivi. Miezi mingine yote ni jua, upepo na vumbi jekundu. Maji ya bomba, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, huja kwa mgao. Ndiyo maana nyumba nyingi za mji huu zina tanki la zege lililochimbiwa uani, na ndani yake kuna maji ya siku tatu, nne, wakati mwingine wiki nzima.

Tanki lenyewe watu hulijali. Hupigwa plasta nzuri, hununuliwa pampu ya maana. Mfuniko ndio unaosahauliwa, na mfuniko ndio mlango pekee wa maji ambayo watoto wako wanakunywa.

Nyumba tunayoishi ilijengwa miaka ya 1980. Kuta za tanki lake ni nzima hadi leo, lakini mfuniko ulikuwa kipande cha chuma kilicholazwa tu juu ya shimo. Mwaka mmoja mvua ya kwanza ya Desemba ilinyesha usiku, na asubuhi maji ya jikoni yalikuwa na rangi ya chai. Nilikimbilia kununua mfuniko mwingine, nikiwa nimepima mfuniko wa zamani badala ya kupima shimo. Ulikaa upande mmoja, upande wa pili ukaning'inia, na baada ya wiki chache tukakuta mjusi anaelea. Wa tatu ndio uliokaa, kwa sababu safari hiyo tulianza na mdomo wa tanki kabla ya kwenda dukani. Hapa naeleza tulivyofanya, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mapema.

1. Jua kwanza kilichoharibika ni nini

Mara nyingi mfuniko husingiziwa kosa la mdomo. Fungua tanki mchana wa jua kali, simama pembeni, mulika kwa tochi kuta za ndani chini kidogo ya mdomo. Maji ya mvua yanapoingia huacha michirizi ya udongo. Kama mchirizi unaanzia juu kabisa, kwenye fremu ambapo mfuniko unakaa, basi mfuniko haufungi. Kama unaanzia chini ya fremu, pale chuma kinapokutana na zege, maji yanapita nyuma ya fremu, na hata ungenunua mfuniko wa bei ya ng'ombe usingekusaidia.

Kama huoni vizuri, jaribu hivi: funga mfuniko, kisha mwaga ndoo mbili za maji taratibu kwenye sakafu kuzunguka fremu, bila kugusa mfuniko wenyewe. Fungua umulike. Ukiona matone yanadondoka, kazi yako ya kwanza ni ya saruji.

Angalia pia upande wa chini wa mfuniko. Ukikuta kutu inabanduka kama magamba huku upande wa juu rangi ikiwa bado nzuri, adui ametoka ndani. Mvuke wa maji pamoja na klorini hupanda usiku, hukutana na chuma kilichopoa, hugeuka matone na kukaa hapo. Mafundi wengi hupaka rangi upande unaoonekana tu, nao ndio usio na shida kubwa.

2. Usiingie ndani peke yako

Hili nalisema kabla ya tepu ya kupimia kutoka mfukoni. Tanki lililofungwa muda mrefu linaweza kuwa na hewa isiyofaa kuvuta. Kutu hula oksijeni, na uchafu unaooza huila pia. Mtu huingia mzima, akalegea kabla hajafika chini. Anayemfuata kumwokoa naye huanguka. Mshumaa unaoshushwa ndani kupima hewa si kipimo cha kuaminika.

Kazi yote ya kupima na kuchagua inafanyika kutoka juu. Ikibidi mtu aingie, tanki liachwe wazi siku nzima huku mtu mzima akililinda, hewa isukumwe ndani, anayeingia afungwe kamba kifuani, na juu wabaki watu wawili wenye nguvu za kumvuta. Pampu ya petroli isishushwe ndani hata kwa dakika moja, kwa maana moshi wake unaua bila kutoa onyo. Na wakati wote mdomo ukiwa wazi, weka ubao mzito juu kila unapoondoka, hata kama unakwenda kunywa maji tu. Mtoto haiti kabla ya kukimbia.

3. Pima mdomo, usipime mfuniko

Hapa ndipo pesa huokolewa au hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mfuniko wa zamani umepinda, umeliwa kingo, pengine haukuwahi kuenea tangu siku ya kwanza. Vipimo vyake vitakupa nakala ya tatizo. Uweke kando. Safisha fremu kwa brashi ya waya hadi uone chuma au zege lenyewe, kisha chukua vipimo hivi na kuviandika kwenye karatasi, usivihifadhi kichwani.

Kwanza, nafasi ya ndani, yaani tundu lenyewe. Pima urefu mahali patatu: mwanzo, katikati, mwisho. Fanya vivyo hivyo kwa upana. Kwenye tanki letu upana ulikuwa sentimita 58 upande mmoja na 60 na nusu upande mwingine. Fundi aliyejenga miaka ile hakuwa na haja ya usahihi, maana mfuniko wake ulilazwa tu juu.

Pili, kona hadi kona. Mdomo wa mraba wa sentimita 60 una mshazari wa karibu sentimita 84.9. Pima mishazari yote miwili. Ikilingana, mdomo uko sawa. Ikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, umelala upande, na mfuniko wa mraba kamili utaacha pengo kwenye kona mbili.

Tatu, kama ukingo umepinda kwenda juu na chini. Hiki ndicho watu hawakipimi, nacho ndicho kilichonigharimu mfuniko wa pili. Chukua nyuzi mbili, zifunge kona hadi kona zikipishana katikati, zivutwe zikaze. Kama ukingo ni bapa, nyuzi zitagusana katikati kwa wepesi kabisa. Kama kuna nafasi kati yake, au moja inaikandamiza nyingine, kona mojawapo imeinuka au imezama. Badilisha, ule uzi wa chini uwe juu, uangalie tena. Raba ya kuziba inaweza kusamehe milimita mbili au tatu. Zaidi ya hapo haisamehe.

Nne, upana wa pale mfuniko utakapokalia, na nafasi iliyopo nje ya ukingo kabla ya kukutana na ukuta, bomba au mzizi wa mwarobaini. Mfuniko ukifunguka lazima uwe na pa kulala.

Ukishaandika yote, kata kiolezo cha boksi gumu. Kilaze juu ya mdomo, chora kona zake halisi, andika upande ulio kaskazini na upande wa nyumba. Fundi wa kuchomelea akishika kiolezo mkononi hawezi kukosea kwa namna anavyoweza kukosea kwa namba ulizomwambia kwa simu.

Jiulize pia kama tundu lenyewe linatosha. Matundu mengi ya zamani ni ya sentimita 45. Mtu mwembamba anapita, lakini hapiti na ngazi, na kumtoa akiwa amezimia ni vigumu sana. Kama unabomoa ukingo hata hivyo, huu ndio wakati wa kupanua hadi sentimita 60 kwa 60. Ila ukikata zege la juu utakata nondo, kwa hiyo mwite fundi anayejua kurudishia nondo kuzunguka tundu jipya. Asije kijana na nyundo tu.

4. Nini kitapita juu yake?

Kama tanki liko pembeni ya uwanja, watakaolikanyaga ni watu na mbuzi. Kama liko njia ya gari, mambo hubadilika kabisa. Mifuniko ya kiwandani inayofuata kiwango cha Ulaya cha EN 124 hugongwa alama. A15 ni ya waenda kwa miguu na baiskeli, na hujaribiwa kwa mzigo wa karibu tani moja na nusu. B125 ni ya maegesho ya magari madogo, karibu tani 12 na nusu. Zipo C250 na D400 kwa barabara.

Lakini mfuniko hauwezi kulipa nguvu paa la tanki. Boza linaloleta lita 10,000 limebeba tani 10 za maji kabla hujahesabu gari lenyewe. Hata ukiweka mfuniko wa barabara kuu, zege la paa la tanki la nyumbani halikumwagwa kwa mzigo huo. Panda miti au simika nguzo fupi za chuma boza lisipite hapo, kisha chagua mfuniko wa watu.

Na tukiwa kwenye boza: wengi wetu hufungua mfuniko ili mpira uingizwe, mpira ambao umeburuzwa barabarani tangu asubuhi. Unapobadilisha mfuniko, weka bomba la kujazia la inchi mbili au tatu pembeni, lenye kifuniko cha kukaza. Mfuniko mkubwa ubaki umefungwa miezi yote.

5. Chuma, zege, alumini au plastiki?

Kila kimoja kina watetezi wake. Nitasema ninavyoviona, kwa mfuniko wa sentimita 70 kwa 70 unaofunika tundu la 60.

Zege la unene wa sentimita 6 lina uzito wa kilo 70. Haliozi, haliibiwi, gharama yake ni ndogo. Ila mfuniko ambao mtu mmoja hawezi kuuinua haufunguliwi, na tanki lisilofunguliwa halikaguliwi. Kila linapoburuzwa kingo zake humeguka, na kila mwaka pengo huongezeka. Mimi silipendekezi, isipokuwa ndani yake umetengewa mlango mdogo wa ukaguzi.

Pleti ya chuma ya milimita 3 kwa kipimo hicho ni kama kilo 11 na nusu kabla ya kuongeza fremu. Ya milimita 6 ni kilo 23. Inapatikana, na kila karakana ya kuchomelea mjini inaweza kuifanyia kazi. Adui yake ni ule mvuke wa chini niliousema. Ukichagua chuma cha kawaida, kipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote, pamoja na ndani ya mikunjo, kabla ya kufungwa. Rangi ya upande wa maji iwe isiyo na madini ya risasi. Mwambie muuzaji akuonyeshe maandishi ya kopo, usitosheke na maneno yake.

Chuma chenye zinki hudumu zaidi. Tatizo lake ni kwamba kuchomelea huunguza zinki palepale kwenye maungio, na hapo ndipo kutu itaanzia. Kila alama ya kuchomelea isuguliwe kwa grinda na kupakwa rangi ya zinki siku hiyohiyo. Moshi wa zinki humtia fundi homa, kwa hiyo kazi hii ifanyike nje kwenye upepo, asiifanye ndani ya kibanda.

Alumini ni nyepesi ajabu: pleti ya milimita 3 haifiki kilo nne na nusu. Mama mzee anaiinua kwa mkono mmoja. Haipati kutu nyekundu. Lakini saruji mbichi huila, kwa hiyo fremu ya alumini isizikwe kwenye zege bila kupakwa lami au kutenganishwa kwa plastiki. Ikikutana na bolti za chuma kwenye maji ya chumvichumvi kama mengi ya visima vya huku kwetu, alumini ndiyo inayoliwa. Weka vipande vya plastiki kati ya metali hizo mbili. Tena wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipenda mno, basi isikose kufuli.

Chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria ya mahoteli, ndicho bora kuliko vyote na ghali kuliko vyote. Kipo cha daraja 304 na 316, na 316 huvumilia klorini na chumvi zaidi. Beba sumaku ndogo: haitanasa kwa nguvu kwenye pleti bapa ya aina hizo, ingawa kwenye mikunjo inaweza kuvutwa kidogo. Kikichomelewa kwa fimbo za chuma cha kawaida, maungio yatashika kutu na pesa yako itakuwa imepotea.

Mifuniko ya plastiki, ya aina inayovaliwa na matanki ya plastiki ya Simtank, inafaa pale ambapo hakuna atakayekanyaga. Chagua nyeusi kabisa. Jua la Dodoma huifanya plastiki dhaifu ikauke na kupasuka, na ile inayopitisha mwanga huleta mwani ndani ya maji. Kwa sababu hiyohiyo usiweke kioo wala bati linalopitisha mwanga, hata kama unatamani kuona kina cha maji bila kufungua.

Ile ya chuma cha kumimina inayouzwa kwa ajili ya mashimo ya majitaka ina nguvu kweli, lakini ichunguze kabla ya kulipa. Mingi ina matundu ya kuingizia ndoano ya kuinulia, na haina raba. Kwa majitaka haina neno. Juu ya maji ya kunywa, kila tundu ni mfereji wa mvua na njia ya mende.

Uani pasipopita gari, mimi ningechagua pleti yenye zinki ya milimita 3, iliyokunjwa kingo na kuongezewa mkanda wa chuma katikati upande wa chini ili isibonyee. Ndiyo tuliyonayo.

6. Unavyofunga: kopo au chungu?

Angalia mifuniko miwili iliyoko jikoni kwako. Mfuniko wa chungu hukaa ndani ya mdomo; ukimwagia maji, yatasimama kwenye ukingo kisha yatateremka ndani. Mfuniko wa kopo la maziwa ya unga huvaa mdomo kwa nje. Maji yakimwagika juu huteleza na kudondoka chini, mbali na tundu. Kwa tanki tunataka wa kopo. Kingo zake zishuke angalau sentimita 5 nje ya ukingo wa mdomo, na ukingo wenyewe uinuke angalau sentimita 15 juu ya sakafu. Uwanja wako ukikusanya maji ya mvua, inua zaidi.

Kaka yangu ni baharia huko Tanga. Aliponitembelea na kuuona mdomo wetu ukiwa umelingana na sakafu alishangaa kwa dhati. Kwao mlango wa sitaha usioinuliwa ukingo ni hatari ya kuzama. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 kuhusu kina cha upakiaji wa meli unataka milango ya shehena iliyo sehemu ya mbele ya sitaha, ile inayofunikwa kwa mifuniko ya kuondoleka, iwe na ukingo wa sentimita 60. Hapa hatupigwi na mawimbi, lakini yeyote aliyeona korongo la Dodoma likijaa kwa nusu saa anajua kuwa maji ya juu ya ardhi hayaombi ruhusa.

Kuhusu raba: nunua ile iliyoshikana, isiyonyonya maji. Bonyeza kipande ndani ya glasi ya maji, kiachie, kisha kikamue. Kikitoa maji ni sponji, kirudishe. Raba ya milimita 10 ikifungwa inatakiwa kubonyea hadi karibu milimita 7. Ikibonyea hadi kuisha itakufa upesi, na isipobonyea kabisa haizibi. Ungio la raba liwekwe katikati ya upande mmoja, kamwe lisiwe kwenye kona.

Tanki likizibwa vizuri linahitaji pua. Pampu inapovuta maji, hewa lazima iingie mahali, la sivyo itajipenyeza palipo dhaifu, pamoja na vumbi. Weka bomba la hewa lililokunjwa likatazama chini, na mdomoni mwake wavu wa mbu uliofungwa kwa waya usioshika kutu. Bomba la maji yanayofurika nalo liwekewe wavu huohuo. Aedes, mbu anayeeneza dengue, hupenda sana maji yaliyohifadhiwa majumbani, na kwenye joto letu yai huweza kuwa mbu ndani ya siku kumi hivi.

7. Bawaba, mkono na kufuli

Mfuniko wa mraba usio na bawaba unaweza kutumbukia ndani. Upande wake ni sentimita 70, mshazari wa tundu ni 84.9, hesabu inajieleza. Wa duara wenye kipenyo kinachozidi tundu hauwezi. Kwa hiyo wa mraba uwe na bawaba, mbili zilizo nene, zikae nje ya mstari wa raba ili bolti zake zisitoboe njia ya maji.

Upepo wetu mwingi hutoka mashariki na kusini-mashariki. Weka bawaba upande wa magharibi. Mfuniko ukisimama wazi, upepo utausukuma uzidi kufunguka, hautaurudisha juu ya kichwa cha aliyeinama. Ongeza mnyororo mfupi usiuache ukang'oa bawaba, na mkono wa chuma wa kuushikilia.

Kufuli ni lazima, si ya hiari. Ichague ya shaba, iweke chini ya kijikofia cha bati mvua isiijaze tope.

8. Kuufunga

Fremu isimamishwe kwenye ukingo mpya wa zege, na kila upande upimwe kwa pima maji kabla saruji haijashika. Rudia nyuzi mbili za kona. Kwaruza zege la zamani hadi liwe na makovu, lilowanishe, lipake uji wa saruji, ndipo umwage jipya. Bila hivyo ungio litapasuka na utarudi kwenye hatua ya kwanza. Sakafu inayozunguka iteremke kutoka kwenye mdomo kwenda nje. Mwagilia ukingo siku saba, ukiufunika kwa magunia yaliyolowa, kwa maana jua na upepo wa huku hukausha zege kabla halijapata nguvu. Raba ibandikwe mwisho kabisa, rangi ikiwa imekauka.

9. Jaribu kabla ya kumlipa fundi kilichobaki

Paka chaki ukingo wote, funga mfuniko, ufungue. Chaki itakuwa imehamia kwenye raba. Mahali ambapo raba imebaki nyeusi ndipo isipogusa. Hii alinifundisha kaka, ndivyo wanavyokagua milango ya sitaha bandarini.

Kisha vipande vya karatasi: kibane kimoja kila upande, vuta. Vyote vinatakiwa kukataa kwa nguvu inayolingana. Usiku, ning'iniza tochi inayowaka ndani ya tanki kwa kamba, funga, zima taa za nje na uzunguke taratibu. Mstari wa mwanga ni mstari wa maji. Mwisho, mpira wa maji dakika kumi kuzunguka kingo, na ufungue uangalie.

Fundi wetu alikuwa na subira. Baada ya jaribio la chaki alisema, "Mama, kona hii imekataa, niachie hadi kesho." Akarudi, akaisugua, akaijaza, na kona ikakubali. Fundi anayekubali kujaribiwa hivi mtunze namba yake.

10. Safisha maji

Kazi ya saruji na kuchomelea huacha vumbi na chembe za chuma ndani. Toa maji, sugua kuta kwa kufuata tahadhari za hatua ya pili, suuza. Jaza tena na utie klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, gramu 75 kwa kila lita 1,000. Ikoroge kwanza kwenye ndoo ya plastiki iliyojaa maji. Ukiwa nje, unga uongezwe kwenye maji, si maji kwenye unga. Fungua bomba zote hadi harufu ya klorini ifike, funga, acha saa 24. Maji hayo hayanywewi. Yamwage mbali na bustani na kuku, kisha ujaze ya matumizi.

Ukimaliza, andika tarehe kwa rangi upande wa chini wa mfuniko. Sisi hufungua kila Novemba kabla ya mawingu: tunafuta raba kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, tunatia mafuta kidogo kwenye bawaba, tunatazama wavu wa bomba la hewa kama umetoboka. Halafu mvua ya kwanza ikinyesha, asubuhi yake mmoja wetu huchukua tochi, hufungua kufuli, na kutazama kuta chini ya mdomo kama kuna mchirizi.